Mshindani Akibisha Hodi, Mwenye Hisa Afanyeje?



Iko habari moja inayomnyima usingizi mwenye hisa kuliko hata habari ya kampuni yake kupata hasara. Nayo ni habari ya kuja kwa mshindani. Hasara huwa imekwisha kutokea, imepimwa na kuandikwa vitabuni. Lakini mshindani ni mgeni aliye njiani. Hujui amebeba nini, wala hujui atakaa siku ngapi. Kwa hiyo kila mtu humkadiria kwa jinsi moyo wake ulivyo. Mwoga huuza hisa zake siku hiyo hiyo. Mkaidi husema, "Hao hawawezi kitu." Na wote wawili hawakupima chochote.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya kupima. Na kwa kuwa si vyema kuzungumza hewani bila mfano, nitatumia mfano wa kampuni ambayo wengi wetu tunaijua na wengi wetu tuna vipande vyake, yaani Safaricom. Nami niseme mapema kwamba ni mwenye hisa wa kampuni hiyo. Nalisema hilo mwanzoni ili kila neno nitakalolitamka ulipime ukijua kwamba mkono wangu umo ndani ya chungu kinachozungumziwa.

Mtakumbuka mwaka wa 2008. Serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom kwa umma, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na sehemu yake yenyewe ikashuka kutoka asilimia 60 hadi 35. Watu walipanga foleni kwenye mabenki na kwenye ofisi za madalali. Wengine walikopa, wengine waliuza ng'ombe. Maombi yalikuwa mengi mno kuliko hisa zilizokuwapo, na wengi wakapata sehemu ndogo tu ya walichoomba. Mnamo tarehe 9 Juni 2008 hisa hizo zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Bei ilipanda siku za kwanza, kisha ikaporomoka hadi chini ya shilingi 3 mapema mwaka wa 2009. Waliotaka utajiri wa wiki mbili walitoka wakinung'unika. Sisi wengine tulibaki na hisa zetu, tukaziweka kama mtu anavyopanda mnazi.

Zangu si nyingi. Ni za mtu wa mshahara. Lakini zilikuwa na kazi. Sehemu moja niliitengea karo ya chuo kikuu ya binti yangu, na sehemu nyingine uzee wangu na mke wangu. Kwa hiyo nilipoanza kusikia, katika mwaka wa 2024, kwamba Safaricom imepata mshindani atakayeizika, sikulichukulia jambo hilo kama porojo la kwenye matatu.

Mshindani mwenyewe ni Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Ilianza kuuzwa Kenya mwezi wa Julai 2023. Zile setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa umbali wa kilomita kama 36,000 juu ya ardhi, na mawimbi huchelewa njiani kwenda na kurudi. Setilaiti za Starlink huzunguka chini sana, kiasi cha kilomita 550, na ni maelfu. Unanunua dishi dogo, unaliweka juu ya paa mahali pasipofunikwa na mti, na intaneti inakuja moja kwa moja kutoka angani, bila waya wa barabarani wala mnara wa kijijini.

Mwanzoni watu hawakushtuka, maana dishi lenyewe liliuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi na malipo ya kawaida yalikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Lakini Agosti 2024 Starlink ilianza kukodisha dishi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na ikaleta kifurushi kidogo cha shilingi 1,300. Hapo ndipo ngoma ilipoanza kuvuma. Kila mwenye hisa niliyekutana naye aliniuliza swali lile lile: tuuze, au tukae?

Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni maswali matatu ambayo nimezoea kujiuliza, nami nitakupa yote matatu, uyajaribu kwa hisa zozote ulizo nazo.

Swali la kwanza: mshindani huyu anakula kutoka sahani ipi?

Kampuni kubwa ni kama mzee mwenye shamba, duka na nyumba za kupangisha. Ukisikia nzige wamevamia, uliza kwanza wamevamia nini, maana nzige hawali nyumba za kupangisha. Nikachukua hesabu za Safaricom ambazo huchapishwa kila mwaka na ambazo kila mwenye hisa ana haki ya kuzisoma. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, M-PESA peke yake iliingiza shilingi bilioni 161. Hizo ni kama senti 44 katika kila shilingi ya mapato ya huduma zake za Kenya. Huduma ya intaneti ya waya, ile inayoingia majumbani na maofisini, ni kiasi cha senti 5 tu katika kila shilingi. Zilizobaki hutokana na simu za sauti, data ya simu za mkononi na ujumbe mfupi.

Sasa tazama. Dishi la juu ya paa linashindana kwanza na ule waya wa nyumbani, yaani na zile senti 5. Halitumi pesa kwa mama mkwe wako. Halilipi nauli ya matatu. Hata Starlink ikanyakua nusu nzima ya biashara ile ya waya, kampuni ingepungukiwa na senti mbili na nusu katika shilingi. Inauma, lakini si kifo.

Hata hivyo hesabu za vitabuni hazitoshi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi wa vyombo vya umeme, na siku hizo alikuwa akipata kazi nyingi za kufunga madishi hayo. Alinijia akiwa na shauku.

"Shemeji," akaniambia, "uza. Mimi ndiye ninayezipandisha juu ya mapaa. Wiki hii pekee nimefunga tatu, huko upande wa Kajiado."

"Ahsante kwa kunijulisha, shemeji," nikamjibu. "Lakini hebu niambie, hao watu watatu, kabla ya dishi walikuwa wakitumia waya wa nani?"

Akafikiri kidogo. "Hakuna waya huko, shemeji. Wawili walikuwa wakinunua bando kwenye simu. Wa tatu, mwenye shule, alikuwa na mlingoti wa kampuni nyingine, nao ulikuwa ukimsumbua kila mvua ikinyesha."

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko magazeti kumi. Kwanza lilinionyesha kwamba dishi linapenda mahali ambapo waya haujafika, kwa hiyo haligombani sana na ule waya. Pili lilinionyesha jambo ambalo vitabu havikunionyesha: kwamba linamega kidogo sahani nyingine, ile ya bando za simu, ambayo ni kubwa kuliko sahani ya waya. Nikaandika hilo pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Swali la pili: mteja akitaka kuhama, itamgharimu nini?

Hapa sizungumzii nauli ya kuhama peke yake, bali usumbufu wote. Mwezi wa Aprili 2011 Kenya iliruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadilisha nambari yake ya simu. Watabiri walisema Safaricom itabaki mahame. Waliohama walikuwa wachache. Kwa nini? Kwa sababu nambari haikuwa ndiyo kamba iliyowafunga watu. Kamba ilikuwa M-PESA. Mtu angehama vipi, na wateja wake wanamlipa huko, ada ya shule inalipwa huko, na wakala yuko mlangoni pake? Akihama yeye, hana budi kuwahamisha jamaa zake wote.

Miaka michache baadaye likaja jaribio kali zaidi. Mwaka wa 2014 Benki ya Equity ilipata leseni ya kuendesha huduma ya simu, na ikaleta laini nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inayobandikwa juu ya laini uliyo nayo, hivyo kwamba huna haja ya kuiacha ya zamani. Safaricom ililalamika kwamba si salama. Mamlaka ya Mawasiliano ikaikubali kwa majaribio ya mwaka mmoja. Hapo niliogopa kweli kweli, kuliko nilivyoogopa dishi, maana mshindani yule alikuwa analenga sahani yenyewe ya nyama, na alikuwa na mamilioni ya wateja wa benki tayari mkononi. Nikangoja hesabu. M-PESA iliingiza shilingi bilioni 32 na ushei katika mwaka ulioishia Machi 2015. Mwaka ulioishia Machi 2017 iliingiza bilioni 55. Laini ya benki ilipata wateja wake, ndiyo, lakini soko lenyewe lilikuwa likipanuka, na wote wawili wakala wakashiba.

Kwa upande wa Starlink, dishi lina kikwazo chake. Setilaiti inayopita juu ya eneo fulani ina kiasi maalumu cha intaneti ya kugawia madishi yote yaliyo hapo. Mashambani madishi ni machache, kila mmoja anapata cha kutosha. Mjini yakizidi, intaneti inakuwa kama bomba la maji la mtaa mzima. Na ndivyo ilivyotokea: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na sehemu za jirani kwa sababu nafasi ilijaa, na haikufungua tena hadi Juni 2025. Mwisho wa Desemba 2024 wateja wake katika Kenya nzima walikuwa kiasi cha elfu 19, wakati wateja wa waya wa Safaricom walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Swali la tatu: vita vikianza, nani ana pumzi ndefu?

Vita vya bei tumekwisha kuviona. Agosti 2010 kampuni ya Zain, ambayo ilikuwa imenunuliwa punde tu na Bharti Airtel ya India, ilitangaza shilingi 3 kwa dakika kupiga simu mtandao wowote, karibu nusu ya ilivyokuwa. Wakati huo huo wasimamizi wa mawasiliano walipunguza malipo ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Ngao kubwa ya mwenye wateja wengi ikawa imekatwa katikati. Safaricom nayo ikalazimika kushusha.

Sasa sikiliza hesabu zake. Faida ya Safaricom baada ya kodi ilikuwa shilingi bilioni 15.1 katika mwaka ulioishia Machi 2010. Mwaka uliofuata ikawa 13.2. Uliofuata huo, 12.6. Bei ya hisa kuelekea mwisho wa 2011 ilikuwa karibu shilingi 3, yaani miaka mitatu na zaidi baada ya kununua kwa 5. Hebu fikiri hali ya mtu aliyekopa. Lakini mgao wa faida, ambao ulikuwa senti 20 kwa kila hisa mwaka wa 2010, ulibaki senti 20 mwaka wa 2011, na 2012 ukawa senti 22. Kampuni ilikuwa inapumua. Na katika mwaka ulioishia Machi 2013 faida ilirudi juu, ikafika bilioni 17.5.

Na wale walioanzisha vita, au waliojikuta ndani yake? Kampuni ya Yu ilifunga virago mwaka wa 2014. Wateja wake wakaenda Airtel, minara yake ikanunuliwa na Safaricom. Orange ya Ufaransa nayo iliuza sehemu yake katika Telkom Kenya. Airtel na Telkom zilitangaza mwaka wa 2019 kwamba zitaungana, na mwaka wa 2020 mpango huo ukaachwa. Aliyenusurika alikuwa yule ambaye, wakati wenzake wakigombania dakika za simu, alikuwa na sahani nyingine jikoni. M-PESA iliingiza kama bilioni 12 tu katika mwaka ulioishia Machi 2011. Wengi waliona ni kitu cha pembeni.

Ndugu msikilizaji, hapa pana hatari. Ukisikiliza mpaka hapo utasema, "Basi, wakongwe hawashindwi." La hasha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwenye hisa akisifiwa huacha kusoma hesabu.

Ikumbuke Nokia. Mwishoni mwa 2007 karibu simu nne katika kila kumi zilizouzwa duniani zilikuwa za Nokia. Hapa kwetu jina hilo lilikuwa ndilo simu yenyewe. Hisa yake ilifika kama euro 28. Mwaka huo huo Apple ilikuwa imeleta iPhone, simu ya bei ghali iliyonunuliwa na wachache. Mwenye hisa wa Nokia angeweza kuuliza maswali yangu na kujidanganya kwa kila jibu. Angesema, "Huyu anauzia matajiri tu." Angesema, "Wateja wetu wametuzoea." Angesema, "Sisi tuna fedha." Katikati ya 2012 hisa ile ilikuwa chini ya euro 2, na mwaka wa 2014 Nokia ilikabidhi biashara yake ya simu kwa Microsoft.

Tofauti iko wapi? Mshindani wa Nokia alikuja na simu, na simu ndiyo iliyokuwa sahani kubwa ya Nokia. Tena hakuna kamba yoyote iliyomfunga mteja: simu ikizeeka, ananunua nyingine ya kampuni yoyote, anatia laini ile ile, anaendelea. Na mteja hakuhama kwa sababu ya bei. Alihama kwa sababu alikuwa anapata kitu cha aina nyingine kabisa. Kwa hiyo usiulize tu kama mshindani ni mdogo leo. Uliza kama kile anachouza kinaifanya bidhaa yako ionekane ya zamani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndiyo maana mimi, kama mwenye hisa, kilichonishtua mwaka wa 2024 hakikuwa dishi. Kilikuwa barua. Julai mwaka huo Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi pamoja na kampuni za simu zilizopo nchini. Yawezekana zipo hoja za haki ndani yake, juu ya usalama na juu ya mawimbi kuingiliana. Lakini mwenye duka anayekwenda kwa chifu kabla ya kupanga rafu zake huwatia mashaka wenziwe walioweka fedha humo. Nilipumua mwezi wa Septemba, kampuni ilipoongeza kasi ya intaneti ya majumbani bila kuongeza bei. Hilo ndilo jibu la mfanyabiashara. Mteja alipata zaidi, na hakuna aliyefungiwa mlango.

Yako mambo mawili zaidi niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu.

La kwanza: mshindani mdogo akimwoa mshindani wa kati, wanaweza kuzaa mshindani mkubwa. Mei 2025 Airtel Africa ilitangaza mapatano na SpaceX ya kuleta huduma za Starlink kwa wateja wake barani. Na huko Marekani, Julai 2025, kampuni ya T-Mobile ilianza kuuza huduma inayounganisha simu ya kawaida ya mkononi moja kwa moja na setilaiti, pasipo dishi, mahali ambapo hakuna mnara. Huduma ya namna hiyo ina mipaka yake, lakini inagusa ile sahani ya bando za simu ambayo shemeji yangu alinionyesha bila kujua. Hapo ndipo ninapotazama, si juu ya paa.

La pili: mshindani si adui pekee, na mara nyingi si adui mkubwa. Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilikaribia shilingi 45. Mwaka wa 2023 ilishuka hadi karibu shilingi 12. Je, nani aliipiga? Starlink ilikuwa haijauza dishi hata moja Kenya wakati sehemu kubwa ya mteremko ule ilipokuwa imekwisha kupita. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza na kurudisha fedha kwao, ambako riba zilikuwa zimepanda. Kampuni nayo ilikuwa imeingia Ethiopia, ambako pamoja na washirika wake ililipa dola milioni 850 kwa leseni mwaka wa 2021, ikaanza huduma Oktoba 2022, na kumwaga fedha nyingi katika minara kabla ya kuvuna. Julai 2024 serikali ya Ethiopia ikaiachia birr itafute bei yake sokoni, nayo ikaporomoka, na hasara ya kubadilisha fedha ikaingia vitabuni mwetu. Aliyekuwa ameketi mlangoni na rungu akimngoja mshindani, aliibiwa kupitia dirishani.

Basi nilifanyaje? Nitasema wazi, ingawa kila mtu ana mfuko wake.

Nilizigawa hisa zangu kwa kadiri ya kazi zake. Zile za karo ya binti yangu niliziuza, kwa sababu karo ina tarehe. Chuo hakingoji bei ipande. Fedha unazozihitaji katika mwaka mmoja au miwili hazina kazi katika hisa, mshindani awepo asiwepo. Shemeji alifurahi akidhani nimemsikia. Nilimweleza kwamba nilisikiliza kalenda.

Zile za uzee nimezishika. Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika miaka mitatu mfululizo, inayoishia Machi 2023, 2024 na 2025, kila hisa ililipwa mgao wa shilingi 1.20. Kwa aliyenunua kwa shilingi 5, huo ni mgao wa karibu robo ya fedha alizotoa, kila mwaka. Ni kweli shilingi 5 ya 2008 ilikuwa na uzito kuliko ya leo, na mtu akisahau hilo anajipunja kwa hesabu. Lakini mti unaozaa hivyo haukatwi kwa sababu jirani amepanda wake.

Nimezishika, lakini kwa masharti matatu, nimeyaandika kwenye daftari ili hofu au tamaa isije ikayabadilisha usiku. Nitauza ikiwa mapato ya M-PESA nchini Kenya yatashuka miaka miwili mfululizo. Nitauza ikiwa mapato ya data za simu yatapungua huku matumizi ya intaneti nchini yakiongezeka, maana hapo nitajua wateja wanakula kwingine. Na nitauza nikiona kampuni inatumia nguvu nyingi kufunga milango ya wengine kuliko kuboresha nyumba yake. Kila hesabu zikitoka, nafungua daftari, nalinganisha.

Neno la mwisho ni juu ya moyo. Mwenye hisa mdogo wa mjini ni watu wawili ndani ya shati moja. Mmoja anapokea mgao, mwingine ananunua bando. Mwaka wa 2010 bei za simu ziliposhuka, faida ya kampuni yangu ilipungua, lakini niliweza kuzungumza na mama yangu kijijini nusu saa nzima, na zamani tulikuwa tukizungumza kwa kukimbizana. Mwenye shule kule Kajiado aliyepata dishi ana watoto wanaosoma mvua ikinyesha. Siwezi kumwombea mshindani mabaya kwa sababu ya senti zangu. Nataka ashindane, ainyime kampuni yangu usingizi, nayo iamke mapema. Kampuni inayoishi kwa kuwa hakuna mwingine si mali ya kuirithisha watoto.

Kwa hiyo ukisikia kesho kwamba amekuja mshindani mpya, wa benki, wa simu, au wa setilaiti, usikimbilie kwa dalali. Uliza anakula sahani ipi, mteja amefungwa kwa kamba gani, na nani ana pumzi. Kisha uliza hisa zako zina kazi gani nyumbani kwako, na kazi hiyo ina tarehe gani. Ukiwa na majibu hayo, uza au usiuze, utalala.

Hadi wiki ijayo, wasikilizaji wapenzi, kwaherini.